Bwawa Linalopaswa Kukaa Tupu: Ulinzi wa Tuta la Udongo na Afya ya Walio Bondeni

Anayesimama pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu huona ardhi ikikatika ghafla mbele ya miguu yake na bonde la mto Ruvuma likitandaa chini hadi Msumbiji. Mahali hapo panaonyesha wazi taabu ya wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde tangu zamani: watu wako juu, maji yako chini. Mvua ikinyesha uwandani, udongo wa kichanga huinywa na kuipeleka kina kirefu, na ile inayobaki juu ya ardhi hukimbilia makorongo na kuteremka genge. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wenyeji walivyoishi mbali na maji na kulazimika kuyafuata mabondeni. Leo mradi wa maji wa Makonde husukuma maji kutoka vyanzo vya bondeni, kama vile Mitema, hadi Newala na Tandahimba. Hata hivyo, ndoo ya maji ingali ni kitu cha thamani katika nyumba nyingi.

Ukiteremka kuelekea Masasi, sura ya nchi hubadilika. Mji umezungukwa na milima ya mawe matupu, Mtandi na Mkomaindo miongoni mwake. Mvua kubwa ikipiga miamba hiyo hutiririka kama iliyoangukia paa la bati, na korongo lililokuwa kavu asubuhi huweza kuwa mto ifikapo jioni. Mvua za msimu, zinazoanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili, huleta kwa miezi michache karibu maji yote ya mwaka. Miezi mingine ni ya jua na vumbi.

Katika nchi ya namna hii, kiu na mafuriko ni majirani. Hukutana mahali pamoja: kwenye tuta la udongo lililojengwa kukinga korongo. Tuta la kuzuia mafuriko huyapokea maji yanayokuja kwa ghadhabu, huyashika kwa saa au siku kadhaa, kisha huyaachia kidogo kidogo yapite bila kuwadhuru walio chini. Ili lifanye kazi hiyo, sharti liwe tupu mvua inapofika. Lakini mwananchi aliyetembea saa nzima kutafuta ndoo moja, akiyaona maji yale yakienda zake, huona ni hasara kubwa. Basi hufunga bomba, au hupanga magunia ya mchanga kwenye njia ya maji ya ziada, ili bwawa lijae na maji yabaki.

Makala haya yanahusu mabwawa madogo ya aina hiyo, ambayo wengi huyaita malambo. Tutaeleza jinsi tuta la udongo linavyovunjika, jinsi wanakijiji wanavyoweza kulipima na kulilinda kwa vifaa vyepesi, na kwa nini jambo hili limo katika kazi ya mhudumu wa afya kama ilivyo chanjo au kliniki ya wajawazito.

Udogo wa bwawa haupunguzi hatari

Wahandisi wa dunia, kupitia shirika lao la kimataifa la mabwawa makubwa, huliita bwawa kubwa lile ambalo ukuta wake una kimo cha mita 15 au zaidi. Tuta la mita sita au saba haliingii moja kwa moja katika hesabu hiyo, na mara nyingi haliingii pia katika bajeti, katika ratiba ya ukaguzi wala katika mazungumzo ya kikao cha kijiji. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kinachoamua idadi ya watakaokufa si kimo cha ukuta peke yake, bali ni nani wanaoishi chini yake na kama wamepata onyo kwa wakati.

Mifano miwili yatosha. Tarehe 5 Juni 1976, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, ukuta wa udongo wa Teton, uliokuwa na kimo cha zaidi ya mita 90, ulibomoka bwawa likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Maji yenye tope yalionekana yakitoka ukutani yapata saa moja na nusu asubuhi, na ukuta ukaanguka saa sita kasoro dakika tatu mchana. Muda wote haukufika saa tano. Lakini ulikuwa mchana, kulikuwa na watu wakitazama, na wakazi wa bondeni walianza kuondolewa kabla ukuta haujaanguka. Waliofariki walikuwa 11.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la bwawa la shamba lijulikanalo kama bwawa la Patel lilipasuka katika kipindi cha mvua kubwa. Bwawa hilo lilikuwa dogo mno mbele ya lile la Teton. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Maji yaliwakuta majumbani gizani.

Hata mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya kuzuia mafuriko huweza yenyewe kuwa chanzo cha mafuriko mabaya zaidi. Mji wa Derna nchini Libya ulikuwa na mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 ili kuukinga na maji ya bonde lake. Mwaka 2022 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha onyo kwamba mabwawa hayo yalihitaji matengenezo ya haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mvua ya kimbunga iliyabomoa yote mawili, na maelfu ya watu wakafa. Onyo lilikuwapo kwenye maandishi, ila halikugeuzwa kuwa kazi.

Tanzania nayo ina fundisho lake. Bwawa la Kidete, wilayani Kilosa, lilikuwa likipunguza nguvu ya maji ya mto Kinyasungwe kabla hayajafika mjini na kwenye reli. Liliharibiwa na mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mafuriko yaliikumba Kilosa, maelfu ya watu wakahamia kambini, na reli ya kati ikakatika. Bwawa lililoharibika bila kurudishwa huwaacha watu katika hali mbaya kuliko wale wasiopata kuwa nalo, kwa sababu wamekwisha kujenga na kulima mahali ambapo babu zao wasingethubutu.

Tuta la udongo huvunjikaje?

Mwaka 2000 Foster na wenzake wa Australia walichapisha uchambuzi wa kuvunjika kwa mabwawa makubwa ya udongo na mawe duniani. Waligundua kwamba karibu nusu ya matukio yalitokana na maji kupita juu ya ukuta, na karibu nusu nyingine yalitokana na mmomonyoko unaotokea ndani ya ukuta au chini ya msingi wake. Sababu nyingine zote, zikiwamo kuporomoka kwa mteremko na tetemeko la ardhi, zilikuwa sehemu ndogo.

Maji kupita juu ni rahisi kueleweka. Kila bwawa hupaswa kuwa na utoro, yaani njia ya pembeni ambayo maji ya ziada hupitia kabla hayajafika mgongoni mwa tuta. Utoro ukizibwa kwa magunia, matawi, mchanga au nyavu za samaki, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu ya tuta. Udongo haustahimili maji yanayoporomoka juu yake. Hukatwa kipande kwa kipande hadi mfereji mmoja unapokuwa pengo. Kwa hiyo yule anayepanga magunia utoroni ili aongeze akiba ya maji amekwisha kuanza kulibomoa tuta, ingawa halitaanguka siku ile.

Mmomonyoko wa ndani ni wa siri zaidi. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji kabisa. Maji kidogo, safi na yasiyobadilika, yanayotoka chini ya tuta si ugonjwa. Hatari ni pale maji hayo yanapoanza kubeba udongo. Huanzia upande mkavu, yanapotokea, na shimo hurefuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, mfano wa panya anayechimba kutoka nje kuelekea ghalani. Siku shimo linapoyafikia maji ya bwawa, kinachofuata ni suala la saa, si siku. Njia ipendwayo na maji hayo ni pembezoni mwa bomba la kutolea maji, mahali ambapo udongo ni vigumu kushindiliwa vizuri. Njia nyingine ni mashimo ya panya buku, vichuguu vya mchwa na mizizi ya miti iliyooza.

Daftari la tuta

Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki anaifahamu kadi yenye mstari wa uzito. Muuguzi hatosheki na uzito wa siku moja. Hutazama mstari: unapanda, umelala au unashuka? Mtoto wa kilo nane anaweza kuwa mzima au anaweza kuwa hatarini. Hutegemea alikuwa na kilo ngapi mwezi uliopita. Tuta la udongo hupimwa kwa akili hiyo hiyo. Kipimo kimoja husema machache. Mfululizo wa vipimo, vilivyochukuliwa mahali pale pale na kwa njia ile ile, ndio unaosema ukweli.

Vifaa vyake havihitaji fedha nyingi. Cha kwanza ni ubao uliochorwa sentimita na kusimikwa imara ndani ya bwawa ili kusoma kina cha maji. Cha pili ni kipima mvua. Cha tatu ni ndoo ya lita kumi na saa yenye sekunde. Cha nne ni kamba na vigingi vilivyopangwa mstari mmoja mgongoni mwa tuta. Cha tano, na hiki ndicho hupotea kwanza, ni daftari lenye tarehe, vipimo na jina la aliyepima.

Ndoo na saa hupima uvujaji. Maji yanayotoka chini ya tuta hukusanywa katika mfereji mdogo, kisha huhesabiwa sekunde zinazotumika kuijaza ndoo. Tuseme wiki hii ndoo imejaa kwa sekunde 50, na wiki ijayo, kina cha bwawa kikiwa kile kile na mvua isiponyesha, imejaa kwa sekunde 25. Uvujaji umeongezeka maradufu bila sababu ya nje. Hiyo ni dalili ya kumwita mhandisi siku hiyo hiyo, hata kama tuta linaonekana zima. Kama kina cha bwawa kimepanda, ongezeko kidogo hutarajiwa. Ndiyo maana kina na uvujaji huandikwa pamoja kila mara. Kimoja bila kingine hakina maana kamili.

Zaidi ya kiasi, hutazamwa rangi. Maji hutiwa katika chupa ya kioo au ya plastiki angavu na kuachwa yatulie. Mashapo yakijikusanya chini ya chupa, tuta linapoteza udongo wake kutoka ndani. Dalili hiyo hupita nyingine zote kwa uzito.

Baada ya vipimo, mkaguzi hutembea. Hutembea mgongoni mwa tuta akitazama kama mstari wa vigingi umelegea mahali, kwa maana ya kwamba udongo umebonyea. Hutafuta nyufa. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu ni hatari kuliko ule unaofuata urefu wake, ingawa wote huandikwa na kupimwa upana. Kisha hushuka upande mkavu akitafuta mahali palipolowa, udongo uliotutumka au kuporomoka, na mashimo ya wanyama. Katika miezi ya kiangazi, wakati nyasi zote za Masasi zimekuwa rangi ya kahawia, doa la majani mabichi kwenye tuta ni taarifa ya bure: pana maji pale. Mwisho hufika utoroni kuhakikisha kwamba uko wazi, na hulifungua na kulifunga bomba kuona kama bado linatii.

Ili haya yaonekane, tuta halina budi kuvikwa majani mafupi yanayoshika udongo, wala si vichaka. Wengine huona tuta ni mahali pazuri pa kupanda mkorosho au mwembe. Mti hauna nafasi pale. Mizizi yake hufungua njia ya maji. Lakini mti uliokwisha kuwa mkubwa using'olewe bila ushauri wa mhandisi, maana shimo la mizizi linaweza kuwa baya kuliko mti wenyewe. Mifugo nayo izuiwe kupita, kwa kuwa njia yake ya kila siku huwa mfereji mvua inaponyesha.

Mara ngapi? Wakati wa kiangazi, bwawa likiwa tupu, mara moja kwa mwezi yatosha. Wakati wa mvua, kila siku. Mvua kubwa ikinyesha mfululizo, ukaguzi hufanywa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na watu wawili pamoja, mmoja akiwa na simu yenye chaji. Solai inatukumbusha kwamba maji hayangoji mapambazuko.

Likionekana tope, au doa jipya la maji likikua, hatua ni hizi. Wanaoishi njiani mwa maji waondolewe kwanza. Udongo utajengwa tena, watu hawajengwi. Wapewe taarifa mtendaji wa kijiji, ofisi ya halmashauri na wahandisi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara. Bomba lifunguliwe ili kina kishuke, lakini kwa kiasi alichoelekeza mhandisi, kwa sababu maji yakishuka haraka mno upande wa ndani wa tuta huweza kuporomoka. Mahali panapotokea maji pasizibwe kwa udongo wa mfinyanzi. Maji yaliyozibiwa mlango hutafuta mwingine. Wataalamu hufunika mahali hapo kwa mchanga na juu yake kokoto, ili maji yatoke na udongo ubaki. Kazi hiyo ifanywe tu iwapo mhandisi ameona kwamba ni salama kukaribia.

Maji yanayokaa na magonjwa yake

Tumesema bwawa la mafuriko linapaswa kukaa tupu kwa ajili ya usalama wa tuta. Sababu ya pili ni ya kitabibu, na inaongoza kwenye ushauri ule ule.

Mwaka 1999 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ambako mabwawa mengi madogo yalikuwa yamejengwa. Watoto wa vijiji vilivyokuwa karibu na mabwawa waliugua malaria takriban mara saba zaidi ya watoto wa vijiji vilivyokuwa mbali nayo. Mwandishi wake wa kwanza, Tedros Adhanom Ghebreyesus, baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Utafiti ule haukusema mabwawa yasijengwe. Ulisema kwamba anayejenga bwawa ajue amejenga pia makazi ya mbu, na apange kinga tangu mwanzo.

Yai la mbu aina ya Anofelesi huhitaji kwa kawaida wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Bwawa linalomaliza kutoa maji yake ndani ya siku chache haliwapi viluwiluwi muda huo. Bwawa lililofungwa bomba huwapa msimu mzima, na kingo zake zenye majani huwapa hifadhi.

Ugonjwa wa pili ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye magugu. Kuyatoa maji hupunguza konokono, ingawa hakuwamalizi, kwa kuwa baadhi yao hustahimili ukame wakiwa wamejificha matopeni. Mtoto anayeogelea au mama anayefua humo hupata vimelea kupitia ngozi. Damu katika mkojo ni dalili inayojulikana. Isiyojulikana vya kutosha ni kichocho cha via vya uzazi kwa wasichana na wanawake: kutokwa na uchafu au damu, maumivu ya kiuno, maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mara nyingi mgonjwa huyu hutibiwa magonjwa ya ngono mara kwa mara bila nafuu, na huondoka na aibu isiyo yake. Mhudumu anayefanya kazi karibu na bwawa amuulize mgonjwa kama anaoga, anafua au analima penye maji yale. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini. Choo kinachotumiwa na kila mtu ni sehemu ya tiba.

Hapa kazi mbili hukutana. Kufyeka magugu kingoni huwanyima konokono na mbu makazi. Vilevile humwezesha mkaguzi kuona nyufa na mashimo. Kuliacha bwawa litoe maji yake hulinda damu ya mtoto na hulinda tuta. Bwana afya wa kata na mlinzi wa bwawa wanaweza kutembea pamoja na kuandika katika daftari moja.

Kiu nayo ina haki yake

Hata hivyo, kumwambia mwananchi wa ukingo wa uwanda kwamba maji yaachwe yaende, kisha tukanyamaza, ni kumwambia nusu ya jambo. Magunia yale utoroni hayakupangwa na watu wajinga. Yalipangwa na watu wenye kiu. Ulinzi wa tuta usiojibu kiu utashindwa usiku wa kwanza mlinzi atakapolala.

Jibu la kwanza ni la mhandisi. Bwawa linaweza kusanifiwa tangu mwanzo liwe na sehemu mbili: akiba ya chini inayobaki, na nafasi ya juu inayoachwa wazi kwa ajili ya mafuriko. Mpaka kati ya sehemu hizo uchorwe kwa rangi kwenye ubao wa kina, na kila mwanakijiji aufahamu. Penye akiba kama hiyo, kinga ya malaria na kichocho iongezwe. Bwawa ambalo halikusanifiwa hivyo lisigeuzwe kwa magunia.

Jibu la pili ni kuhifadhi maji mahali pengine: matangi ya mvua kwenye mapaa ya shule na zahanati, na visima vifupi vilivyofunikwa chini ya bwawa, mahali mhandisi atakapoona ni salama. Uwanda wa Makonde unajua pia gharama ya kuhifadhi vibaya. Homa ya chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa katika mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953, na jina lake limetokana na neno la Kimakonde la kueleza mgonjwa aliyepindwa na maumivu ya viungo. Mbu wanaoieneza hupenda maji ya akiba ya nyumbani. Kwa hiyo tangi, pipa na mtungi vifunikwe vizuri, na visuguliwe kila wiki.

Jibu la tatu ni kulinda ardhi iliyo juu ya bwawa. Utafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, uliochapishwa mwaka 1972, ulionyesha jinsi mabwawa ya Dodoma, likiwamo la Ikowa, yalivyokuwa yakijaa mchanga uliotoka kwenye mashamba na malisho yaliyochakaa. Bwawa lililojaa mchanga halina nafasi ya kupokea mafuriko, hata likionekana kavu. Kina cha mashapo nacho kipimwe kila kiangazi na kuandikwa.

Zahanati iliyo chini ya tuta

Kabla ya Novemba, kila kituo cha afya kilicho chini ya bwawa kijiulize maswali machache. Je, maji yakija, yatafika wapi? Nani asiyeweza kukimbia: mama aliyejifungua jana, mzee asiyeona, mtoto mwenye ulemavu? Jina la kila mmoja liandikwe pamoja na jina la jirani atakayemsaidia, na njia ya kupanda mahali pa juu ipitiwe mchana kabla haijahitajika usiku.

Dawa, chanjo na rejista ziwekwe juu ya kimo ambacho maji yanaweza kufika. Wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, za kifua kikuu, kifafa, kisukari na shinikizo la damu wazungumzwe nao mapema, wapate akiba kwa kadiri mwongozo unavyoruhusu, na wajue namba ya kadi yao kwa moyo. Wajawazito walio karibu kujifungua, hasa wenye hatari, wapelekwe mapema karibu na hospitali, iwe Mkomaindo, Ndanda au Newala, kabla barabara haijakatika. Baada ya maji kupita, jihadharini na kuhara na kipindupindu, kuumwa na nyoka, na vidonda vilivyoingia tope. Dawa ya kutibu maji, chumvichumvi za ORS na zinki ziwepo tayari.

Sheria inakubaliana na haya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka masharti ya usalama wa mabwawa, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Mhudumu wa afya ana haki ya kuuliza katika kamati hiyo: nani ana daftari la tuta, na liliandikwa lini mara ya mwisho?

Mambo ya kukumbuka

Bwawa la mafuriko hufanya kazi likiwa tupu. Utoro usizibwe kwa sababu yoyote. Maji safi yanayovuja kwa kiasi kile kile huandikwa. Maji yenye tope huwahamisha watu. Kina na uvujaji vipimwe pamoja, na tarehe isisahauliwe. Miti, vichaka na mifugo visiwe juu ya tuta. Anayekojoa damu aje kituoni, na mwanamke mwenye maumivu yasiyopona baada ya dawa aeleze kama hutumia maji ya bwawa.

Katika vijiji vingi vya Masasi na Newala pana mtu anayejua kusoma saa na kuandika namba, na ambaye nyumba yake haiko mbali na tuta. Akipewa ndoo, daftari na kijiposho kidogo, na akajua kwamba kila mwezi kuna mhandisi na mhudumu wa afya watakaofungua daftari lile na kulisoma, kijiji kitakuwa na mlinzi. Daftari lisilosomwa na mtu huachwa kuandikwa kabla msimu haujaisha.